Ndagala Chini ya Maharage

Mwezi uliopita tulimzika mama mkwe wangu Verediana hapa Muganza, na mzee wa kanisa akasimama mbele ya watu akasema kwamba tangu amfahamu hajaona mtu aliyeingia kwa Verediana akatoka na njaa. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, sahani ya wali na maharage juu ya mapaja. Nikaweka kijiko chini. Watu walitikisa vichwa, wengine wakasema ndiyo, ndiyo, na wifi yangu Dafroza akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Binti yangu Riziki, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa ubavuni mwangu. Akanigusa kwa kiwiko. "Maman, kula. Wanakuangalia." Nikala. Mimi sahani siiachi, hata nikiwa na hasira, na nitaeleza kwa nini. Nilisoma mpaka mwaka wa nne wa shule ya msingi tu, kule Bukavu, ng'ambo ya mpaka, nilikokulia, na mwandiko wangu unapanda mlima. Riziki ndiye atakayeunyoosha. Sitaandika nilizaliwa na nani. Nitaandika mwaka mmoja, ule niliobeba mimba yake, na nitaandika majina, kwa sababu walionifanyia haya walikuwa na majina.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa nimeolewa na Silas, aliyepakia mifuko kwenye kiwanda cha simenti. Mimba ya kwanza ilikuwa imetoka mwaka mmoja kabla, ikiwa na miezi mitano. Hakuna aliyeniambia sababu. Walisema imetoka, kama mtu anavyosema mgeni amekwenda, na kesho yake nikafua. Kwa hiyo ya pili ilipoingia sikumwambia mtu mpaka matapishi yaliponisema yenyewe. Tuliishi kwa mama yake Silas, nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu na depo. Depo ndiyo tulivyoita chumba cha chakula. Mlangoni mwake kulikuwa na kufuli, na ufunguo Verediana aliufunga kwenye kitenge chake kiunoni, upande wa kushoto, hata kanisani alikwenda nao. Isije ikadhaniwa tulikuwa maskini. Mule ndani mlikuwa na magunia ya mpunga wa bondeni, maharage, mikungu ya ndizi iliyofunikwa kwa majani, na ukipita karibu na ule mlango mchana, kwa lile joto la Muganza, ndizi zilizoiva zilikuwa zinakuita kwa harufu. Leo nina depo yangu. Haina kufuli. Wajukuu watakuja kuimaliza, na mimi nitakuwa nimekaa kwenye kiti nikiwatazama.

Miezi mitatu ya kwanza nilitapika hata maji. Mwezi wa nne kichefuchefu kikakatika siku moja, kama mvua inavyokatika, na njaa ikaja. Mtu asiyewahi kubeba mimba asinifundishe njaa ile. Haikuwa tumboni tu, ilikuwa kwenye meno, kwenye magoti. Nilikuwa ninafagia uwanja huku ninawaza sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo tuliokula Bukavu kwa mikono, tukitembea, tukicheka. Nilikuwa nimeshasahau sura za watu wengi wa kule, lakini kila sahani niliikumbuka. Jioni Verediana alipakua yeye mwenyewe. Silas, mlima. Dafroza, aliyekuwa bado hajaolewa, kilima. Mimi, ndizi mbili na maharage ya kijiko kimoja, na mchuzi. Nikasema siku ya kwanza, "Mama, naomba kidogo tena." Akaniangalia bila hasira, hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Ukimunenepesha huyo mutoto mu tumbo, atatokea wapi? Mu dirisha?" Dafroza akacheka mpaka akapaliwa. "Labda kwao Bukavu bako na madirisha," akasema. Mama yake akaendelea kupakua. "Mutoto akue inje. Mu tumbo abakie mudogo, apite vizuri. Ile ingine ilikushinda juu ulikula kama mwanaume."

Hivyo ndivyo nilivyojua sababu ya mimba ya kwanza, kwa maoni ya nyumba ile: niliila. Niliamini kwa wiki kadhaa. Ninaona aibu kuliandika hilo kuliko mengine yote. Ukuta wa chumba chetu haukufika kwenye bati, na usiku maneno yalipita juu yake. Nilimsikia Silas upande wa pili ananitaja kwa sauti ya chini, "Mama, Furaha hashibi." Verediana akauliza, "Unataka kumuzika?" Nikasikia Silas anavuta kiti, anaaga, anakuja kulala. Mwanaume aliyekuwa anainua mifuko ya simenti kuanzia asubuhi mpaka jua linageuka, na swali la maneno mawili la mama yake likamshinda kuinua. Nilimpa mgongo. Yeye naye akanipa wa kwake.

Na kazi yangu ya kila siku ilikuwa ipi? Kupeleka chakula. Saa sita mchana Verediana aliijaza sufuria ya Silas, ile ya kifuniko cha kubana, akaifunga kwa kitambaa, na mimi nikaibeba kichwani mpaka kwenye lango la kiwanda, mwendo wa nusu saa, malori ya mawe yananipita yakinimwagia vumbi. Sufuria ilikuwa ya moto, joto lake lilishuka kupitia kata mpaka kwenye utosi. Wali, maharage, wakati mwingine kipande cha nyama. Nilibeba chakula juu na mtoto chini, na katikati hapakuwa na kitu. Kukila sikuthubutu. Na hata kununua ndizi nikaila nikitembea sikuthubutu, kwa sababu wiki ya kwanza ya ndoa Dafroza aliniona na hindi la kuchoma barabarani akalipeleka neno nyumbani mbio. Verediana aliniita. "Hapa siyo Bukavu. Muntu mukubwa hakulake mu njia. Kuku ndiyo inakulaka mu njia." Huku kwetu ni hivyo kweli, mpaka leo wakubwa wanaona haya. Bibi arusi anayetafuna barabarani anatangaza kwamba nyumbani kwake hapapikwi.

Basi nikafanya ujinga ambao wanawake wengi wa pande hizi tunaujua. Nikanunua ingwa, ule udongo mweupe unaouzwa sokoni vipandevipande, na nikauweka ndani ya blauzi. Udongo si chakula, kwa hiyo kuulamba njiani si kula, hakuna wa kukusema. Na una utamu wake, unanukia kama ardhi ya kwanza kupata mvua. Nilitafuna kwenda na kurudi. Tumbo lilinyamaza. Nikajiona nimepata akili, nimewashinda wote, yeye na kufuli lake.

Kwenye kituo cha afya palikuwa na nesi mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nilipanda kwenye mzani, akaangalia kikaratasi changu, akaniambia nishuke nipande tena. "Umepungua," akasema. "Mimba ina miezi mitano na weye unapungua. Unakula?" Nikasema ninakula vizuri sana, tunashukuru. Akanivuta kope la chini, akaangalia ndani. "Toa ulimi." Nikautoa. Alicheka kidogo, si kwa ubaya. "Iko mweupe kama ukuta wa misheni. Unakula ingwa mingapi kwa siku?" Nikaanza kulia. Alinipa kitambaa na akasubiri. Wamama wengine walikuwa kwenye foleni, wanasikia yote, na hakuwajali. Akaniambia udongo unajaza tumbo bila kulisha mtu, tena unazuia damu kuongezeka. Akanipa vidonge vya damu, nimeze na chungwa, nisimeze na chai. Akasema njaa ya mwezi huu si ulafi, ni mtoto anabisha hodi. Nisile sahani ya watu wawili kwa mkupuo, nile kidogo kidogo, mara tano: maharage, dodo au mboga nyingine ya majani, ndagala, ndio dagaa wa huku, parachichi, ndizi, na maji. "Na wakisema mutoto atakuwa mukubwa, uwaambie mutoto mwenye hakula ndiye anatushinda kumuokoa." Kisha akashusha sauti. "Mwezi ujao kilo isipopanda, ninakutuma hospitali. Hii ya pili tusiipoteze." Akauliza nitakula wapi. Nikamjibu ukweli kwa mara ya kwanza: sijui.

Siku tatu baadaye, njiani na sufuria, mtoto alicheza. Ilikuwa mara ya kwanza. Haikuwa teke, ilikuwa kama samaki amegeuka. Nilisimama. Nikatoka barabarani nikaingia kwenye migomba, nikatua sufuria, nikafungua kile kifuniko, na nikala kwa mkono, nimepiga magoti, mvuke unanipiga usoni. Nilikula nusu. Nusu kamili, niliweka mstari kwa kidole. Kisha nikalaza wali vizuri ili uonekane, nikapangusa mkono kwa jani la mgomba, nikaenda. Silas alitoka langoni mweupe wa vumbi kama mzimu, akakaa kwenye jiwe, akafungua. Akaangalia ndani ya sufuria. Akaniangalia mdomo. Nadhani palikuwa na punje. Akaangalia malori. Akala, akafunga, akanirudishia. Nilitembea kurudi nikijua jioni nitasemwa.

Jioni mama yake akapakua. Silas akasema, macho kwenye sahani, "Mama, chakula cha mchana kilikuwa kidogo leo. Hii kazi inanimaliza." Nikadhani ameanza kunishitaki. Lakini aliishia hapo, akaendelea kula. Verediana akamhurumia, "Maskini mutoto yangu," na kesho yake sufuria ilikuwa nzito mpaka shingo ikanilia. Nilifika kwenye migomba, nikafungua, nikakaa nikaitazama. Ndipo nikaelewa. Silas hakuwa na mdomo wa kusema mke wangu ana njaa. Alikuwa na mdomo wa kusema mimi nina njaa. Huo ndio ujasiri wote Mungu aliomgawia, na nilikula nusu yake kila siku. Bado namwandika kati ya wenye makosa. Lakini ninapomwandika, mkono hauendi kwa nguvu.

Karibu na lango mama mmoja wa Bukavu, Maman Zawadi, alikuwa na kibanda cha kupikia wafanyakazi wa zamu: nguzo nne, bati, na nyuma pazia la magunia alikohifadhi kuni. Alinikuta nikitoka kwenye migomba siku ya pili au ya tatu. "Eh, Furaha, unakula na nyoka? Ingia huku." Nikamwambia watu wataniona. "Nyuma ya magunia siyo mu njia. Ni nyumba. Haina mulango, basi." Tangu siku hiyo nilikaa kwenye gogo nyuma ya pazia, na yeye akaniongezea kwenye nusu yangu kijiko cha dodo au sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, na chungwa la kumezea kidonge. Kwa malipo nilimchambulia maharage. Ile ilikuwa saa yangu nzuri ya siku. Mwanga uliingia kwenye matundu ya magunia, na upande wa pili makanika na wapakiaji walikuwa wanagombana kuhusu mpira, bila kujua kuna mwanamke anakula karibu na migongo yao. Mmoja alimlalamikia, "Maman, leo nyama yako imekimbia." Akajibiwa, "Imesikia unakuja." Nilicheka mpaka mtoto akaruka. Maman Zawadi alikuwa ananipa parachichi nusu niende nalo kwenye blauzi, pale palipokuwa na ingwa zamani, nile chooni jioni. Nimekula maparachichi mengi kwenye choo cha Verediana. Yalikuwa matamu.

Dafroza aliniona, bila shaka. Alikuwa anajua kunitafuta. Hakusema nilikuwa nyuma ya magunia, alimwambia mama yake, "Mukazana yako anakula na bashofere ba kamyo, anacheka nao." Na kesho yake mchana, nikiwa nimefika nusu ya mstari wangu, pazia likafunguliwa. Verediana alikuwa amesimama na mwavuli, viatu vya kanisani miguuni, jasho linamshuka. Aliangalia sufuria aliyoifunga kwa mikono yake. Sikuinuka. Sijui nguvu niliitoa wapi, nilimeza kwanza. "Ni ya mutoto yangu ile," akasema.

"Hata huyu ni wa mutoto yako," Maman Zawadi akamjibu, akionyesha tumbo langu kwa mwiko. "Mukecuru, mama muzee, kaa. Sahani iko."

Hakukaa. Mtu wa aina yake asingekaa kula pale hata angekuwa anakufa. Lakini hakuondoka pia. Alishika nguzo ya kibanda, na akaanza kusema, hakutuangalia, alikuwa anaangalia kule mlimani. Alisema alikuwa na dada, Kansilida, aliyependa kula, aliyecheka wakati wa kula. Mtoto wake alikuwa mkubwa, akakwama. Wanaume walimbeba kwenye machela kushuka mlima wote, na yeye Verediana, msichana, alikimbia kando ya machela amemshika mkono, mpaka mkono ukapoa kabla ya kufika barabara. "Bakasema ni chakula. Bakasema alimulisha sana mutoto." Maman Zawadi akauliza kwa upole nani aliyesema. Verediana akafikiri. "Wakubwa," akasema. Nikamwambia yale ya nesi, kidogo kidogo, mara tano, na mzani, na hospitali. Nikamwambia kwamba ile ya kwanza sikuila, Mama. Alifungua mwavuli akaenda zake jua kali, na viatu vyake vya kanisani vimeshageuka rangi ya barabara.

Nililala bila kulala. Nilifikiri kesho hakuna sufuria, au kwamba ataibeba Dafroza. Ilipofika saa sita, Verediana alijaza, akafunga kitambaa, akaniwekea kichwani yeye mwenyewe. Nyuma ya magunia nikafungua. Juu wali, chini yake maharage, na nilipochimba mpaka kwenye mstari wangu, chini ya maharage, nikakuta ndagala. Wengi, wameoshwa vizuri, wamepikwa na nyanya. Sasa Silas hali ndagala. Tangu utoto wakimgusa mdomoni anavimba na kujikuna, na mtu wa kwanza kulijua hilo ni mama aliyemzaa. Nikamwonyesha Maman Zawadi. Akachungulia, akarudi kwenye mafiga yake. "Kula bila kuuliza," akasema. "Akisikia umefurahi ataacha."

Nimeshaliwaza jambo hili kwa miaka yangu yote, na bado linanichoma upande mmoja na kunipoza upande mwingine. Angeweza kufungua kufuli. Angeweza kuniwekea sahani mezani, mbele ya Dafroza, hatua tano kutoka nilipolala. Badala yake alinibebesha chakula changu mwenyewe kichwani nusu saa, juani, nikakilie kwenye kuni. Jioni aliendelea kunipakulia ndizi mbili, na mimi niliendelea kusema asante Mama. Lakini ndagala hawakukosekana tena hata siku moja, na baada ya wiki pakaingia dodo, na siku moja yai la kuchemsha lililofichwa ndani ya wali kama vile limeibwa. Mwezi ulipoisha nilipanda kwenye mzani. Nesi akatazama, akaniambia nishuke nipande tena. Kisha akaandika, akapiga mstari chini ya alichoandika, akasema, "Sasa nani anakulisha?" Nikasema, mume wangu, kwa sababu maelezo yalikuwa marefu.

Riziki alizaliwa kwenye kituo kile kile, asubuhi, baada ya kazi ngumu lakini si ya kuua, mtoto wa kawaida, si mkubwa wala mdogo, na mdomo wazi anatafuta. Verediana alimshika akampima kwa mikono. "Alipita," akasema. Akageukia ukutani na akabaki hivyo muda mrefu, mgongo unatikisika, na mimi nilikuwa nimechoka mno, sikuweza hata kufurahi. Mwaka uliofuata tulihama, tukajenga chumba na sebule. Alikuja kututembelea mara nyingi na kila mara nilimpakulia mlima. Aliumaliza. Hatukuzungumza habari za ndagala mpaka akafa.

Kwa hiyo pale msibani, mzee wa kanisa alipokaa na watu wakaanza kula kwa kelele, nilikuwa na mambo hayo yote kooni. Ndipo Dafroza akapita na sinia akipakulia watu. Ana mvi sasa kama mimi. Alimpa Riziki ndizi mbili na maharage ya kijiko kimoja. "Usikule sana, mwanangu," akamwambia kwa upendo, nasema kweli, kwa upendo. "Mutoto asikwame." Riziki aliyesoma mpaka chuo akasema asante shangazi. Nikachukua sahani yake nikampa yangu, iliyokuwa bado karibu kujaa. Dafroza aliona. Nilimwambia, "Ongeza hapa pia, wifi, na mboga." Alisimama na mwiko hewani. Nikamsubiri kama nesi alivyonisubiri mimi. Akaongeza.

Tulirudi kwa miguu, Riziki alitaka kunyoosha mgongo. Hata hatujafika kwenye kona ya migomba, akaniambia anaona aibu lakini ana njaa tena. Nilikuwa nimekuja na mfuko. Ndani mlikuwa na ndizi mbivu, na ndagala wa kukaanga kwenye kikopo. Nikampa ndizi, mimi nikamenya yangu. Akaangalia mbele na nyuma, watu wa msiba walikuwa wanatufuata, Dafroza yuko kati yao na mwavuli.

"Maman, tuko barabarani. Watatuona."

"Ninajua," nikamwambia, nikafungua kikopo. "Tembea polepole, wafike."